Kopo Langu Lililokwenda Makka

Garissa hii, ukitaka nyirinyiri ya kiwandani, utaletwa kwangu. Shule niliiacha mapema nikachunge ngamia kule Bura, na leo wenye digrii wananiomba kazi. Nyama ya ngamia ikiingia asubuhi, mashine inaikata vipande vidogo vilivyo sawa, tanuri la umeme linaikausha, tunaikaanga, tunaizamisha kwenye samli. Alasiri haijaadhiniwa, kopo limefungwa.

Mamangu, Hooyo, alitulea kwa nyirinyiri ya mkono. Yeye huchana nyama mapande marefu, akayaanika kambani, akakaa chini yake na fimbo kufukuza mwewe. Ikikauka huikata vipande, akaikaanga huku ametega sikio. Sufuria ikinyamaza, maji yamekwisha. Mimi nina saa ya mashine, yeye ana sikio.

Nilipomlipia safari ya Hija, maana mimi si mtu wa kuchangisha, niliomba jambo moja tu: abebe kopo langu, wenzake wa msafara waonje kazi ya mwanawe.

"Nyama hii imeona jua?" akauliza.

"Imeona umeme, Hooyo."

"Umeme wa Garissa? Huu unaotuzimikia tukila?"

"Nina jenereta."

"Basi iambie jenereta ikahiji."

Akatengeneza yake, akaijaza kwenye bati lake kuukuu. Kopo langu nilimsukumia mwenyewe ndani ya begi, chini ya nguo zake. Aliniangalia, hakulitoa.

Aliporudi, wanawake wa msafara walijaa nyumbani. Wallahi, walivyoisifu ile nyirinyiri! Jinsi ilivyowashibisha kule mahemani, jinsi kila mmoja alivyopata. Nikanyoosha shingo kungoja sifa zangu. Kumbe waliyoila ni ya bati. Kopo la kiwanda hakuna aliyeliona. Mtu mzima mimi, mwenye kiwanda, nikakosa hamu ya chai.

Walipoondoka nikamuuliza, "Hooyo, yangu uliitupa?"

Akafungua begi, akanipa kopo. Tupu, limekombwa mpaka samli ya pembeni.

"Yangu naijua, niliwapa watu," akasema. "Yako siijui. Kama kuna tumbo la kuharibika, nikasema liwe langu."

"Na likaharibika?"

"Ningeimaliza?"

"Kwa hiyo ilikuwa tamu."

"Ilikuwa laini mno. Anika juani kwanza."

Siku hizi juu ya paa la kiwanda nimefunga kamba za kuanikia nyama, na anayeshika fimbo ya mwewe ni yeye. Hakuna kiwanda kingine chenye meneja kama huyo.