Kidonda Nyuma ya Sikio

Mama aliuza sukuma wiki na nyanya Kawangware, karibu na njia ya kwenda Satellite. Juu ya meza alikuwa ametandaza gunia kwenye miti minne ili mboga zisinyauke. Mimi, zeruzeru wake wa pili, niliketi nje juani kwa sababu kivuli kilikuwa cha mboga. Kila asubuhi alinipaka mafuta ya mgando hadi nikang'aa, akiamini yanazuia jua. Yalinikaanga tu.

Siku moja mteja wake, nesi, aliacha kuchagua nyanya akaniangalia mikono. Akamwambia mama, bila kupandisha sauti, "Sukuma umeifunika, mtoto umemwanika."

Mama alinuna. Miaka yote majirani walikuwa wakimsema kwa ajili yangu na kaka yangu, kana kwamba alituokota mahali. Nesi akamweleza kwamba hali hii tuliirithi kwake na kwa baba, wote wawili, na kwamba ngozi yetu haina rangi ya kuikinga. Tuvae mikono mirefu na kofia pana, tukae kivulini jua likiwa kali, na kidonda kisichopona kionwe na daktari. Hapo mama alishtuka. Kaka yangu, zeruzeru wa kwanza, alikuwa na kidonda nyuma ya sikio tangu mvua za mwaka uliopita, na sisi tulikuwa tukikipaka dawa ya zambarau basi.

Kesho yake sukuma ilinyauka, kivulini nikakaa mimi. Kaka ndiye aliyetushinda. Alikuwa mtu wa mjengo, akibeba mawe kichwa wazi, eti wenzake wangemcheka kwa kofia. Hospitali ni kupanga laini siku nzima, na nyapara angempa mwingine kazi yake. Tena kidonda hakiumi, alisema. Mama alimbembeleza, akamkaripia, akamnunia wiki nzima. Wapi.

Nikamwendea mwenyewe. "Nenda, tafadhali. Ngozi yako ndiyo yangu."

Akacheka, akaenda kazini.

Alikuja kwenda hospitali kidonda kilipoanza kunuka. Daktari alikata sikio, lakini saratani ilikuwa imeshashuka shingoni. Tulimsafirisha hadi kijijini kwetu Magharibi tukamzika. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mimi nimezeeka, na ngozi yangu ni nzima. Watu huniambia nimshukuru Mungu, nami humshukuru. Kaka yangu sijamsamehe.