Gesi ya Kalubwe na Sisi wa Chini

Nilisafiri kwenda Kalubwe kwa sababu ya sauti ya maji. Mdogo wangu Furaha, aliyeolewa huko juu milimani, alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu. Aliacha tu robine wazi, maji yakawa yanaanguka ndani ya beseni. Mwishoni akaniita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, akacheka: "Yaya, unasikia? Robine yetu njo hii." Mimi nilikuwa nimetoka mtoni na bidoo ya maji kichwani, shingo inauma. Nikaisikiliza sauti ile tena, na tena, na kila mara ilinichoma zaidi.

Sisi wa Kisonso tunakaa pale mto Lwibo unapoingia ziwani, kusini ya Kalemie. Wale wa kampuni ya gesi walianzia kwetu. Walipita na magari mazito yanayotikisa ardhi, wakasema wanasikiliza mawe ya chini. Tuliwapikia samaki wa mikeke na ugali wetu wa bukari. Halafu wakapanda Kalubwe, na huko ndiko walikopata walichotafuta. Wa Kalubwe wakachimbiwa kisima, wakawekewa robine, wakatengenezewa barabara. Kwetu hawakurudi hata kusalimia.

Mama wenzangu wa kanisa waliponituma nikaulize namna gani na sisi tungepata, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Mimi ndiye prezida wao, kazi hiyo ilikuwa yangu. Lakini pia nilitaka kuona kwa macho yangu alichopata Furaha, yule niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha mimi mwenyewe kusimama na kusema mbele ya watu.

Kutoka Kisonso kuna njia ya miguu inayopanda bonde la Lwibo moja kwa moja. Sikuipita. Nilitaka kufika nikiwa safi. Kwa hiyo asubuhi nilipanda boti ya mota hadi Kalemie, nikakaa juu ya magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, viatu vyangu nimevifunga ndani ya mfuko.

Kalemie nililala kwa binamu yangu karibu na soko, na kesho yake nikatafuta pikipiki. Mpaka kwenye daraja, barabara ilikuwa ile tunayoijua, mashimo na vumbi. Baada ya kukata kushoto kuelekea Kalubwe, ikabadilika ghafla: nyekundu, pana, laini, na mifereji kando. Mwenye pikipiki alianza kuimba.

"Mama, hii njo barabara! Wa Kalubwe wana bahati."

"Angalia mbele," nikamwambia.

Penye kuingia kijijini kulikuwa na bango kubwa kuliko mlango wa kanisa letu, na kwenye bango hilo alikuwa mdogo wangu. Furaha, na kitambaa cha buluu kichwani, ameshika kikombe cha maji, anacheka meno yote. Juu yake waliandika: *Pamoja tunasonga mbele.* Nilimwambia mwenye pikipiki asimame. Nilimtazama dada yangu kule juu kwa muda mrefu. Meno yake hayajawahi kuwa meupe namna ile.

Hapo karibu, kwenye kizuizi, alisimama enjenia wa kampuni, mtu mrefu mwenye kofia ngumu nyeupe, Kiswahili chake cha Lubumbashi. Aliniuliza natoka wapi. Nikamweleza kwamba mimi ni dada mkubwa wa yule wa bango, kwamba natoka Kisonso, na kwamba na sisi tunaomba robine. Alifurahi. "Kesho kuko mukutano, Mama," akasema. "Ukuje."

Furaha alinipokea kwa kelele na kunikumbatia. Nyumba yake ni ile ile ya matofali mabichi, lakini robine iko nje pale pale, ungeweza kuigusa ukiwa umekaa mlangoni. Nilikuwa na kiu ya safari. Akaingia ndani, akanimiminia kikombe kutoka kwenye bidoo kuukuu, maji ya mtoni, ya vuguvugu. Nikanywa, na ndani nikawa nasema: ona, maji mazuri anayawekea bwana yake na wageni wa kampuni, mimi ananipa ya mto kama nyumbani kwangu.

Sikuweza kujizuia. "Furaha, ile robine njo ya kupigia picha tu?"

Uso wake ukabadilika. Akatoka, akafungua robine, akaniletea maji ndani ya sahani nyeupe. "Nusa, yaya."

Nikanusa. Kulikuwa na kitu kama petroli ya taa, kidogo sana, na maji yalikuwa na ukungu.

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Siku ile nilikutumia sauti yalikuwa mazuri kabisa. Halafu walijaribu ile mashine yao ya kutoboa, njo yakaanza hivi. Tunafulia nguo tu. Ya kunywa, ninashuka Lwibo asubuhi kuteka, na niko ninapita chini ya bango, watu wananicheka."

"Na wao wanasema nini?"

"Wanasema haina neno. Walichukua maji mu chupa kwenda kuyapima. Majibu hatuyaone mpaka leo."

Nilimhurumia. Lakini lazima niseme pia kwamba usiku ule, nilipolala, sehemu fulani ya moyo wangu ilitulia, na ile sehemu haikuwa nzuri.

Asubuhi mkutano ulifanyika kanisani, kwa sababu ndipo palipo na nafasi. Enjenia alitundika ramani ukutani, akaeleza vizuri, bila haraka. Gesi iko chini sana, imefungwa ndani ya mawe. Watashusha bomba, kisha watasukuma maji kwa nguvu, yamechanganywa na mchanga na dawa, mpaka mawe yapasuke na gesi ipate njia ya kupanda. Maji yakirudi juu, yatawekwa ndani ya shimo kubwa lililotandikwa plastiki.

Papa mmoja, mzee wa kijiji, aliuliza ni dawa gani. Enjenia akasema ni dawa za kazi, majina yake ni siri ya kampuni. Watu wakanung'unika.

Ndipo Furaha akasimama. Niliijua namna yake ya kusimama, mkono mmoja kiunoni. Ni mimi niliyemfundisha. "Picha yangu iko pale njiani ninakunywa maji," akasema. "Leo sinywi tena. Mutoe ile picha, ao mutuonyeshe majibu ya chupa. Mbele ya majibu kuonekana, hakuna kutoboa."

Kanisa zima likapiga makofi. Mama walipiga vigelegele. Na mimi, badala ya kumfurahia, niliwaza kwamba kule Kisonso hakuna aliyewahi kunipigia makofi namna ile.

Enjenia hakukasirika. Alisubiri kelele ziishe, akatabasamu. "Wa Kalubwe, kama hamutaki, sawa. Kuko vijiji vingine vinatulilia. Hata hapa tuko na mugeni. Mama wa Kisonso, simama, uwaambie ulikuja kutafuta nini."

Watu wote wakanigeukia. Furaha naye aligeuka, na nikaona kwamba hakujua. Sikuwa nimemwambia.

Nilisimama. "Ni kweli," nikasema. "Nilikuja kuomba robine."

Furaha akainamisha macho. Maneno mengine niliyoandaa tangu kwenye boti yalikuwa tayari mdomoni, ya kusifu kampuni na kuialika. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ramani, kwenye mstari wa buluu wa Lwibo unaoshuka mpaka ziwani, na kuna jambo lilinisumbua.

"Papa Enjenia, lile shimo la maji machafu mutaliweka wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Ni pale kijito cha Kapolo kinapokaribia kuungana na Lwibo.

"Na mvua ikijaza shimo?"

"Litalindwa, Mama."

"Siye wa Kisonso tunakunywa Lwibo. Mulikuja kutuuliza siku gani?"

Akazungusha kidole kwenye ramani, kuizunguka Kalubwe. "Kisonso haiko mu zoni ya kazi yetu," akasema.

Neno lile liliniuma kuliko bango, kuliko barabara. Tangu mwanzo nilikuwa nimewaonea wivu kwa vitu. Sasa niliona kitu walichokuwa nacho ambacho sikuwa nimekitazama: walikuwa wanaulizwa. Hata kudanganywa, walidanganywa uso kwa uso, na nafasi ya kubisha. Sisi tungeletewa maji yale na mto tu, bila mtu wa kutuambia habari.

"Basi siombi robine tena," nikasema. "Naomba mukutano. Kwetu, na hii ramani yenu. Na mbele ya mukutano huo kufanyika, dawa isishuke chini."

Safari hii makofi yalikuwa yangu. Chefu wa Kalubwe, mkuu wa kijiji, alisimama akasema hataweka sahihi yake kwenye karatasi za kampuni mpaka wa chini waulizwe. Enjenia akakunja ramani pole pole.

Nilirudi kwa miguu, kwa njia ya bonde, na Furaha alinisindikiza mpaka Kapolo. Tulikuta vijiti vyenye utepe mwekundu vimepandwa ndani ya nyasi, pale shimo litakapokuwa. Kutoka kijiti cha mwisho nilitupa jiwe, likaanguka majini.

"Ulikuja kutuuza, yaya," akasema.

"Nilikuja kutafuta na siye tupate."

"Na halafu ukachukua mukutano wangu." Alisema hivyo akitazama maji. "Wiki nzima nilikuwa napanga yale maneno. Sasa wote wanasema mama wa Kisonso, mama wa Kisonso."

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa anaumia kweli, na mimi niliujua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote. Nikamshika mkono tukavuka kijito. Upande wa pili alinikumbatia haraka, akageuka, akapanda.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima nilipofika Kisonso, viatu mkononi, miguu imejaa matope. Mama wenzangu walinikimbilia kuuliza robine itakuja lini. Nilipowaeleza, wengine walishika vichwa. Mmoja alisema wazi kwamba nimewanyima maji kwa sababu ya wivu wa mdogo wangu. Nilimwambia kwamba wivu ndio ulionipeleka, hilo sikatai, na kama nisingekwenda tungekuwa tunakunywa tu bila kujua.

Kampuni ilikuja Kisonso, baada ya chefu wa Kalubwe kuwasukuma. Mpaka leo, zaidi ya lile jaribio la kwanza, hawajatoboa. Chupa za maji zimechukuliwa juu na chini, na majibu yameahidiwa kusomwa mbele ya vijiji vyote viwili. Sijui yatasema nini. Ninachojua ni kwamba siku ile ya mkutano wetu, enjenia alipotundika ramani yake, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na maswali yangu yote tayari. Kabla sijainuka, mama mmoja kijana, ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu kanisani, alikuwa ameshasimama nyuma yangu, mkono kiunoni, anauliza dawa hizo zinaitwaje. Watu wakampigia makofi. Ikanichoma kidogo. Nikapiga na mimi.