Supu ya Sato Kabla ya Hekalu

Mwalimu wangu wa hesabu alinifundisha kuvua viatu kwa njia ileile aliyonifundishia kujumlisha sehemu: nirudie mpaka nichoke, halafu nirudie tena. Mlangoni kwake, mtaa wa nyuma ya soko hapa Mwanza, nilivua na kuvaa mchana mmoja mara mia nne hivi. Soksi ndani ya kiatu, kiatu ukutani, usikiache njiani watu wakajikwaa.

"Na mkanda?" akauliza.

"Mkanda unashikilia suruali, Mwalimu."

"Ni ngozi ya ng'ombe huo. Utamwingiza ng'ombe aliyechunwa mbele ya Mungu?"

Mkanda nikauandika kwenye orodha. Maana nilikuwa na orodha, ndiyo, kwenye daftari la mistari, kama enzi zile za shule yake ya jioni.

Mimi ni Mhaya wa Buswelu, fundi bomba, Mkatoliki tangu tumboni. Mwalimu ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu. Akiwapa mama wauza mboga salamu ya "mwangaluka", wanaacha wateja ili wamwitikie. Shule ya jioni alitufundisha watu wazima, mafundi na mama lishe, tukiwa na saruji kwenye nywele na usingizi kwenye kope. Mimi hesabu ilikuwa imenishinda kabisa kabisa. Alama ya C aliyonivutia kutoka shimoni mama yangu ameitia fremu, imetundikwa karibu na Moyo Mtakatifu wa Yesu, na wageni husalimia vyote viwili.

Sasa binti yake alikuwa anamchukua kwenda kuishi naye ng'ambo, kwenye baridi. Ndege ilikuwa Jumanne. Kabla ya hapo, Jumamosi asubuhi, Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: afanye arati kwa mikono yake mwenyewe kwenye hekalu la Kihindu alilopelekwa akiwa mchanga wa siku arobaini. Arati ni kuzungusha sinia lenye taa inayowaka mbele ya sanamu takatifu, mizunguko saba. Kuhani wao, wanayemwita pandit, alikwishakubali. Tatizo lilikuwa mikono. Miaka miwili sasa inamtetemeka. Kikombe cha chai kikifika mdomoni kimebaki nusu.

"Kwa nini mimi?" nilimwuliza. "Si kuna wale mama wenzako wa hekaluni?"

"Wale wataninyang'anya sinia kwa huruma. Wewe ulikuwa unakaa dakika ishirini na swali moja ubaoni, darasa zima linacheka, na mimi sikukunyang'anya chaki. Au nilikunyang'anya?"

"Hukuninyang'anya, Mwalimu."

"Basi sasa zamu yako. Utaweka mikono chini ya sinia, unibebee uzito. Kuzungusha nitazungusha mimi."

Wiki nzima nikawa na maswali kuliko mtoto wa chekechea. Kwa nini watu wanapiga kengele wakiingia? "Ukienda kwa mtu hupigi hodi?" Kwa nini nisikae nimenyoosha miguu mbele? "Kwenu unamnyooshea mkweo nyayo?" Kwa nini tunazunguka kwa kulia? "Ili Mungu awe upande wa mkono wako wa heshima. Andika." Tulipofika kwenye prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa ambacho kuhani anakugawia, alininyooshea kipande cha ladu, kile kitamutamu cha mviringo, ili nifanye mazoezi. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikatoa ulimi.

Nilipofumbua jicho moja, Mwalimu alikuwa amejishika mbavu.

"Hii siyo komunyo wewe! Mkono! Wa kulia juu, wa kushoto chini, kama unapokea kwa bibi yako!"

Na sharti kubwa kuliko yote, alilopigia mstari mara mbili: siku tatu usiguse nyama wala pombe. Nikaapa.

Jumamosi nilifika nimeoga mpaka ngozi inapiga kelele. Mkanda nilikuwa nimeuacha nyumbani, suruali nimeifunga kwa kamba ya katani chini ya shati. Mwalimu alivaa sari ya rangi ya machungwa mabivu, sinia la shaba mapajani: maua ya njano, nazi, udi, na taa ndogo yenye samli. Utambi aliusokota mwenyewe kwa pamba ya Usukuma, na kwa mikono ile sijui ilimchukua siku ngapi. Hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Tulivua viatu mlangoni pa hekalu. Mara moja tu, na kwa ustadi wa bingwa wa taifa. Tukawa bombani tunanawa mikono na miguu, nami, kwa kujisifu, nikamwambia:

"Siku tatu, Mwalimu, nyama sijaiona hata kwenye ndoto! Juzi sato, jana sangara, leo alfajiri mke wangu kanipa supu ya kichwa cha sato nipate nguvu."

Alifumba macho. Nilikufahamu kule kufumba. Ndivyo alivyokuwa anafumba nikimwambia nusu kujumlisha nusu ni robo.

"Samaki," akasema.

"Samaki, ndiyo. Nyama nimeacha. Kwetu Kwaresima yote Ijumaa ni samaki, hata padri anakula!"

"Huyo sato alikuwa na macho?"

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa anapumua?"

Hapo ndipo jambo liliponiingia, likashuka taratibu mpaka kwenye ile supu yenyewe. Mtu wa ziwani, wewe! Kwetu samaki ni kama maji yaliyoganda, nani amewahi kumhesabu? Nilitamani bomba linifungukie nipite humo na maji machafu.

Pandit alikuja, mzee mfupi mwenye sauti ya upole. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, Mwalimu akamweleza. Alinitazama tumboni kana kwamba anamwona yule sato ametulia humo.

"Aingie, karibu sana," akasema. "Asukutue. Lakini sinia la sadaka asiliguse. Mama, nipe mimi nikufanyie."

Mwalimu alilitazama sinia. Vidole vyake vilikuwa vimeanza, nazi inagonga shaba, tiki tiki tiki. Jumanne ilikuwa mbele yetu na hakuna Jumamosi nyingine.

"Hapana," akasema. "Nitashika mwenyewe. Na huyu asimame palepale nilipomwambia, mikono chini ya sinia, asiguse."

Nikasukutua maji ya kujaza pipa. Tukagonga kengele, tukaingia.

Ndani marumaru ilikuwa baridi kama mgongo wa kambare, harufu ya udi na samli, na sanamu zimevishwa hariri na maua kama maharusi. Ningetazama mwaka mzima. Lakini wimbo ulianza, taa ikawashwa, Mwalimu akainua sinia, na mimi nikatanguliza viganja chini yake, nafasi ya vidole viwili kati yetu, kama golikipa anayesubiri penalti.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Moto unayumba, samli inaruka, tone moja likanidondokea kwenye kidole gumba, sikutikisika. Wa tatu, na ile kamba ya katani ikaamua kulegea. Suruali ikaanza safari. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini, kwa hiyo nikatanua magoti, nikasimama kama ng'ombe anayekataa kupanda lori. Mama mmoja nyuma yangu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Wa tano, sinia likainama. Nazi ikabingirika mpaka ukingoni. Kila mshipa wangu ulitaka kudaka, na mama wawili tayari walikuwa wamenyoosha mikono. Nikakumbuka ubao, chaki, na dakika ishirini. Nikatikisa kichwa kuwaambia hapana. Wakarudisha mikono. Mwalimu akavuta pumzi, akalirudisha sinia polepole kuliko jua la Buswelu linavyotembea saa nane mchana, nazi ikarudi katikati.

Wa sita. Wa saba.

Taa ilikuwa bado inawaka. Pandit akapokea sinia, akalipitisha kwa watu. Kila mtu anapitisha viganja juu ya moto kisha anavigusisha usoni. Lilipofika kwangu nilisita, nikamtazama pandit. Akaniashiria kwa kidevu: haya. Nikapitisha, joto likanifika kwenye kope.

Prasadi niliipokea kwa mkono wa kulia juu ya wa kushoto, mdomo nimeufunga kwa kufuli. Kisha, mara moja, nikashika suruali.

Nje, Mwalimu alikaa kwenye benchi akivaa ndara zake. Kuingiza kamba katikati ya vidole vya mguu kulimchukua muda mrefu, mrefu kweli. Nikakaa kando yake na viatu vyangu mkononi, nikasubiri amalize.