Ng'ombe Mwenye Kiwele Kifuani

Nilipokuwa mtoto, hapo ng'ambo ya Litein, nilikuwa tayari mchoraji hodari kushinda walimu wote walionifukuza darasani. Cheka tu. Leo nusu ya mabango ya maduka ya hapa ni mkono wangu. Lakini kazi nisiyouza ni mlango mmoja mkuukuu wa mbao, wenye ng'ombe wa mkaa.

Nyumbani hatukuwa na ng'ombe. Kwa sisi Wakipsigis huo ndio umaskini wenyewe. Majani chai yalitujaa hadi uani, na dada yangu mchanga akanyweshwa turungi, chai isiyo na maziwa, mpaka akakonda, shingo kama ya kifaranga. Kibuyu cha maziwa cha kogo, nyanya yetu, kilining'inia kikavu.

Basi nikachukua kile kijiti cha mkaa ambacho kogo husugulia kibuyu ndani, nikachora ng'ombe mlangoni. Kogo alipoona akashika mdomo.

"Wewe! Mkaa wa kibuyu unaita. Ulichochora kitakuja. Sasa kiwele kiko wapi? Unataka atujie mkavu? Weka haraka!"

Nikaweka. Kifuani, kati ya miguu ya mbele, viwili, kama vya mama. Maziwa nilikuwa nimeyaona yakitoka hapo tu.

Kogo alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akajifunga leso, akaenda kumwita jirani yetu tajiri, arap Tonui.

Tonui akautazama mlango. "Huyu ni ng'ombe au ni shangazi yako?"

"Ng'ombe, mzee," nikajibu. "Wa gredi, wale wa maziwa mengi."

Akaangua kicheko, halafu kikamkatika. Akamgeukia kogo. "Mama, huyu mtoto hajawahi kukaa karibu na ng'ombe akikamuliwa?"

Kogo akatazama kibuyu kikavu.

Kesho yake Tonui akatuletea ng'ombe na ndama wake kwa kimanagan, ile desturi yetu ya kumwachia mwenzako ng'ombe akamue, ingawa mali ni yako. Dada akanenepa.

"Si nilisema mkaa unaita?" kogo akajigamba.

Mimi mpaka leo sielewi. Kama mkaa ulikuwa unaita, mbona alienda kumwita Tonui kwa miguu yake? Na kama alimwonyesha tu aibu yetu, mbona alishika mdomo vile, akaniharakisha niweke kiwele?

Mwaka jana nilimuuliza. "Kogo, ilikuwa mkaa au aibu?"

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

Akageukia moto wake. Sijui kama hilo lilikuwa jibu.