Msiba Nilioukuta Tokyo

Wenzangu wa kikundi cha akina mama hapa Edmonton, London, mmeshaisikia habari hii vipande vipande, na kila mmoja wenu ameitia chumvi yake, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe niaibike mara moja yaishe.

Mwanangu Rehema, aliyezaliwa hapa hapa London, alipata kazi Manchester, na kabla hajahama akasema atanipeleka Tokyo wiki nzima, mimi na yeye tu. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee na likizo yangu huwa ni kulala, nikakubali hata hajamaliza kusema. Ila alinipa sharti, kwa Kiingereza (Kiswahili anakielewa chote, kujibu ndiyo hajibu): nisizoeane na watu nisiowajua, na nikimwaibisha hata mara moja, ataniacha hotelini azunguke peke yake. Nikaapa. Ile ndiyo ilikuwa wiki yetu ya mwisho ya kulala na kuamka pamoja, sikutaka kupoteza hata asubuhi moja.

Siku mbili za kwanza nilitulia kama maji mtungini. Tokyo si mji mmoja jamani, ni miji kumi imeshonwa pamoja. Shibuya watu wanavuka barabara kwa mamia kutoka kila upande na hakuna anayemgusa mwenzake (sisi Edmonton siku ya soko tungeshakanyagana), Akihabara ni taa na kelele mpaka ghorofa ya juu, Asakusa nikafukizwa ubani kwenye hekalu, mdomo nimefunga. Siku ya tatu tukaenda Yanaka, mtaa wa zamani wa nyumba za mbao zenye vyungu vya maua mlangoni, kimya kabisa, mpaka nikajiona niko kwetu Lushoto. Rehema akaingia kununua kahawa. "Mum, stay here, please," akasema.

Ningekaa. Lakini hatua chache mbele nikaona mashada ya maua marefu kunizidi yamepangwa nje ya nyumba, yana riboni zenye maandishi meusi, na watu wa suti nyeusi wamesimama mistari miwili wanainamiana taratibu, na meza ina daftari la kuandika majina. Sasa niambieni, nyie mngesema ni nini? Na mimi msiba sipiti. Mama yangu alizikwa Lushoto nikiwa huku nasubiri karatasi za ukaazi, sikwenda, na tangu siku hiyo nilijiwekea nadhiri kwamba popote nitakapokuta wafiwa nitawapa pole.

Nikatoa khanga kwenye mkoba (natembea nayo kila mahali), nikajifunga kichwani, nikaandika kwenye daftari "Poleni sana wafiwa, Mama Rehema wa Edmonton", nikamfuata mzee aliyesimama mlangoni, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili na kumwachia noti kiganjani kama tunavyotoa rambirambi. Mzee akainama. Nami nikainama. Akainama zaidi, basi nikaona huyu ndiye mfiwa mkuu, ameumia, na machozi yakanitoka ya kweli, kwanza ya mama yangu kisha ya Rehema anayehama. Dada mmoja akaniletea kiti, nikakikataa (mtu hakai kabla hajaaga marehemu), nikaanzisha pambio kwa sauti ile ya kanisani, nikasukuma pazia la mlangoni nikaingia.

Jeneza sikuliona. Niliona sufuria kubwa linatoka mvuke, na watu kumi na kitu wameshika vijiti, tambi zinaning'inia midomoni, wananitazama. Ulikuwa ufunguzi wa mgahawa, na yale maua yalikuwa ya pongezi.

Pambio likanikatikia katikati. Nikageuka, Rehema yuko mlangoni na vikombe viwili vya kahawa. Mzee alikuwa anaiongelesha simu yake, nayo ikamtafsiria kwa Kiingereza: anauliza mama huyu amefiwa na nani. Rehema akavuta pumzi, akaiambia simu kwamba mama yake alidhani wao ndio wamefiwa. Simu ikasema Kijapani. Mzee akacheka mpaka akaishika meza, mgahawa wote ukacheka, akanirudishia noti yangu na kunikalisha mbele kabisa, nikala bakuli la tambi na khanga kichwani, kila mtu akinipiga picha.

Rehema hakucheka. Tulitembea mpaka stesheni yeye akiwa mbele, na roho iliniuma, maana siku nne zilikuwa zimebaki na nilijua nimeziharibu mwenyewe. Nikamwambia, "Kesho nitabaki hotelini, mwanangu. Ahadi ni ahadi."

Akasimama. Akanifungua khanga kichwani, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Halafu akasema, kwa Kiswahili, na miaka ishirini na minne sijawahi kumsikia akiunga maneno mengi hivyo: "Mama, mimi nikienda Manchester, wewe usiende msiba peke yako. Subiri mimi."

Nikalia tena, pale pale stesheni, na safari hii nilikuwa na sababu.

Siku nne zile alinizungusha zote. Picha za mgahawani Rehema aliwatumia nyie wenyewe, ndiyo maana mnanipa pole kila nikipika tambi. Lakini nimeapa, na mnishuhudie: siachi kuwapa watu pole, ila kabla sijatoa chozi nitachungulia kwanza ndani kama kuna sufuria.