Kuvuka Mikati na Taulo Mbili

Mama alikuwa na sharti moja tu kuhusu safari yetu ya umra. Ndege sawa, kulala chumba kimoja na wanawake watatu asiowajua sawa, chakula cha ajabu sawa. Ila saa ya kuiona Kaaba kwa mara ya kwanza, mkono wake niushike mimi, nisimwachie mtu mwingine. Jicho lake moja lilifanyiwa upasuaji na halikurudi vizuri, na la pili linaelekea huko huko.

"Wewe ndiye utaniambia kuna nini mbele," alisema. "Wengine wataniambia wanayoyataka wao."

Nilikubali bila kufikiri. Kumwambia mtu kuna nini mbele ndiyo kazi pekee ambayo nimewahi kuifanya kwa moyo.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, msafara wetu ulianza darasa. Kila Jumamosi baada ya alasiri tulikutana kwenye ukumbi wa madrasa hapa mjini Dodoma, watu ishirini na kitu. Walikuwepo wenye maduka ambao babu zao walipita hapa na misafara ya biashara wakasahau kuondoka, walikuwepo watumishi wa wizara waliohamia na serikali, na alikuwepo Mama, mkulima kutoka Busi kule Kondoa, aliyekaa mstari wa mbele ili asikie. Shehe wetu alifundisha taratibu, kwa sauti ya mtu asiyekimbizwa na kitu.

Mimi nina ugonjwa niliotoka nao chuo kikuu: siwezi kukaa darasani bila kujifanya msaidizi wa mwalimu. Jumamosi ya pili nilifika na fotokopi kwa kila mtu. Kichwa chake kilisema "Makosa ya Wanaoingia Ihramu", na chini yake makosa kumi na manne niliyoyakusanya vitabuni na kuyapanga kwa uzito. Kuna wanaume wanaoacha bega la kulia wazi tangu nyumbani, wakati hilo ni la kwenye tawafu tu, ya kuizunguka Kaaba. Kuna wanawake wanaoamini lazima wavae nyeupe. Kuna anayeweka zile shuka mbili nyeupe wanazovaa wanaume kwenye begi kubwa, begi likaingia tumboni mwa ndege, naye akabaki kitini na suruali yake. Lakini kosa la kwanza, kwa wino mzito, lilikuwa kudhani kwamba ihramu ni nguo. Ihramu ni nia, niliandika. Unaweza kuvaa shuka mbili mwezi mzima ukabaki mtu aliyetoka kuoga. Anayekwenda umra akivuka ule mpaka uitwao mikati bila kunuia, amevuka kapa.

Shehe aliisoma, akatabasamu, akasema imeandikwa vizuri.

Aliyenisumbua ni jirani yangu wa benchi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya mazoezi alivaa shuka zake juu ya suruali, bega nje, kifua mbele.

"Bega, mzee," nilimwambia. "Namba tano."

"Profesa, hili bega limebeba saruji miaka thelathini. Likipata upepo kidogo kuna ubaya gani?"

"Ubaya upo kwenye karatasi."

"Basi karatasi ndiyo itakwenda umra, mimi nitaisindikiza."

Watu walicheka, na Mama alicheka kuliko wote. Nilimfunika lile bega mwenyewe.

Shuka zangu nilizifua wiki moja kabla ya safari nikazianika uani. Ilikuwa Julai, na upepo wa Julai wa Dodoma hauombi ruhusa. Kufika jioni shuka zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilizifua tena, zikawa vile vile. Nilizama kitabuni kutafuta hukumu ya vumbi jekundu. Mama alipapasa kitambaa, akakinusa, akakikunja.

"Ni safi," alisema. "Vumbi la kwenu halijawahi kuwa najisi."

Tulishuka Dar es Salaam kwa treni, tukapanda ndege siku ya pili. Wanaume tulishavaa shuka zetu uwanjani. Nia ilingoja mpaka karibu na mikati, ambayo kwa njia ya kwetu unaipita ukiwa angani, kabla ya kutua Jeddah. Shehe aliketi mbele. Mimi nilimwomba anipe kazi ya safu za nyuma, akanipa, nadhani ili nimwache apumzike.

Rubani alipotangaza kwamba mikati iko karibu, nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Nilipita kiti kwa kiti. Nilimwamsha mtumishi mmoja wa wizara aliyelala mdomo wazi. Nilimzuia bibi mmoja asijifute uso kwa kitambaa chenye manukato alichopewa na mhudumu, maana kwenye ihramu manukato ni marufuku. Nilifunika bega la mwenye duka. Wengine walisahau maneno, basi nikawatamkia vipande vipande, kama mwalimu wa darasa la kwanza, nao wakarudia: nimenuia umra, na nimeihirimia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Niliyasema mara tisa au kumi. Nilipomfikia Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Nikampita. Kisha talbiya, ule wito wa "Labbaika", ikaanza mbele, ikaja nyuma kama maji yanayojaza mfereji, nikaketi nikiwa na jasho na furaha kubwa. Hakuna aliyekosea, niliwaza. Hakuna hata mmoja.

Tulitua asubuhi. Tukiwa kwenye foleni ya basi, Mama alinivuta shuka.

"Mwanangu, wewe ulinuia saa ngapi?"

"Pale pale, Mama. Pamoja na watu."

"Mimi nilikuwa nakusikiliza. Ulikuwa unawanuilia watu. Yako sikuisikia."

Nilirudi nyuma kichwani, kiti kwa kiti, nikijitafuta. Nilimkuta mtu mwenye karatasi.

Nilimfuata shehe nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Uliposema maneno yale, moyoni ulikusudia nini?"

"Nilikusudia wasikosee."

Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kucheka.

"Moyo wako unaujua wewe," alisema. "Kama hukunuia, umevuka mikati bila ihramu. Unaweza kunuia hapa hapa ukaendelea na wenzako, na utachinja mnyama kufidia. Au urudi mpaka kwenye mikati, unuie huko, na hudaiwi kitu."

Hesabu yangu ilikuwa ya haraka: nuia, chinja, panda basi. Msafara ulikuwa unakwenda kufanya umra mchana ule ule, na mimi nilikuwa na ahadi. Nilimweleza Mama hivyo. Alisikiliza huku ameshika kishikio cha mlango wa basi.

"Njia ya kurudi ipo?"

"Ipo. Kuna gari la kukodi. Lakini nikirudi, nyie mtaingia bila mimi."

"Wao wataingia. Mimi nitakungoja."

"Mama, utakuwa kwenye ihramu kutwa nzima."

"Si ndiyo nimeijia?"

Shehe alisema halina tatizo, anaweza kungoja hotelini. Mwenye duka alikuwa ameshapanda. Alitoa kichwa dirishani, akanyoosha mkono wenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Profesa, chukua usome njiani. Namba moja."

Niliichukua. Sikuwa na haki ya kukataa.

Barabara ya kwenda mikati ya Yalamlam ni ndefu na imenyooka, na mimi na dereva tulizungumza kwa vidole. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujitetea mbele ya nafsi yangu, na nilishindwa kesi kila mara. Cha kushangaza, kadiri tulivyosonga nilizidi kutulia. Hapakuwa na mtu wa kumfunika bega.

Msikitini pale nilioga, nikavaa tena shuka zangu za rangi ya chai, nikaswali rakaa mbili. Kisha nilimpigia Mama kupitia simu ya mwenzake wa chumbani.

"Uko hapo?" aliuliza.

"Nipo."

"Haya. Sema nisikie."

Nina miaka hamsini na miwili. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta, simu sikioni, nikanuia umra yangu kwa sauti kama mtoto anayesomeshwa Fatiha.

"Na moyo umesema?"

"Umesema, Mama."

"Rudi basi. Na usifundishe mtu njiani."

Nilifika hotelini Makka alasiri imeshaswaliwa. Wenzake wa chumbani walikuwa wamerudi, wameshapunguza nywele na kutoka kwenye ihramu, wanajipaka manukato na kucheka kwa uchovu mzuri. Mama alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha korido, mbali na harufu yao, kilemba chake kimefungwa vile vile kama alfajiri. Alikuwa anazungumza kwa Kirangi na dada yake wa Busi kwenye simu ya watu. Aliponiona alimuaga.

"Twende," alisema.

Hakuniuliza safari ilikuwaje. Tulitembea polepole, ameshika kifundo cha mkono wangu na si vidole, kama mtu anayeshika mpini. Tulivua viatu, tukaingia msikitini, tukapita katikati ya nguzo nyingi. Watu walipopungua mbele yetu nilisimama.

"Ipo?" aliuliza.

"Ipo, Mama. Mbele yako, mkono wa kushoto kidogo. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, na nyeusi. Watu wanazunguka."

Nilikuwa na mengine ya kuongeza. Nikayaacha.

Alinyanyua mikono akaomba, muda mrefu, kwa lugha zake zote tatu. Kisha akakishika tena kifundo cha mkono wangu, akasema inatosha, tuanze.