Vijiti vya Stesheni

Wenzangu, mnicheke tu, maana nami sijamaliza kucheka. Nilikabidhiwa kupendezesha njia ya kwenda mahali stesheni mpya itakapojengwa, hapa Isingiro. Nikakuta vijiti vikavu vimechomekwa hadi bondeni. Kwetu mpaka ni mramura uliopandwa, mti mbichi wenye majani. Kijiti kikavu ni kuni. Nikaving'oa vyote, nikapanda miramura kwa mstari huku nikiimba tenzi.

Bwana mpimaji wa ardhi aliporudi kuendelea na kazi yake, nikamkaribisha chai.

"Mzee, vigingi vyangu viko wapi? Kazi ya mwezi mzima ile!"

Mke wangu akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. "Mwambie, Baba Yohana!"

Nikamwomba Mungu ujasiri.

"Bwana," nikasema, "ndivyo vilivyochemsha hiyo unayokunywa."